Ndege Mbaya

Mwaka nilioshona mabawa ya ndege ndio mwaka niliokataa kupanda ndege. Nikiwasimulia watu wanacheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu sehemu ya kwanza ya hadithi inachekesha kweli.

Mimi ni fundi wa makochi. Nina chumba Jeppestown, chini ya kiwanda kilichokufa zamani, na cherehani mbili, moja ya vitambaa na moja ya ngozi. Nina pia kochi la mtu mmoja ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Mchana hulala humo. Nyumbani ni Troyeville, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na huko nako kuna kochi. Kwa miaka mingi maisha yangu yamekuwa safari kati ya makochi hayo mawili. Mke wangu husema ningezaliwa kobe, ningelalamika kwamba gamba liko mbali.

Nchi hii niliingia kwa barabara, kijana, kwa malori na mabasi kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo nilikwenda kwetu mara tatu, mara zote kwa basi, siku tatu na zaidi njiani, na kila nilipofika mama alinitazama miguu iliyovimba akasema, "Umekuja au umesafirishwa?" Watu nilikuwa nawaambia kwamba ndege ni ghali, au karatasi zangu zina kasoro, au napenda kuona nchi za watu. Ukweli ni kwamba naogopa. Mke wangu amepanda ndege mara mbili, kwenda na kurudi, na hajanisamehe kwamba alirudi mzima nami sikujifunza chochote.

"Hillbrow unapanda teksi," huniambia, "dereva anakula pai kwa mkono mmoja na kurudisha chenji kwa mkono wa pili. Hiyo huogopi."

"Teksi ikizima, inasimama kando ya barabara. Ndege ikizima isimame wapi?"

"Kwa hiyo wewe unaogopa maegesho."

Basi ndivyo tulivyokuwa, mpaka alipokuja mzee wa mabawa.

Alikuwa Mzungu, mstaafu wa karakana za migodi, mrefu, mwenye mikono yenye makovu ya kuchomelea vyuma. Aliniletea kiti cha kuvisha upya. Alipokuja kukichukua hakukikalia kama wanavyofanya wengine. Alikipindua akatazama mshono wa chini, ule usioonekana. Akaniuliza kama naweza kushona mabawa. Nikasema naweza sana. Katika kazi yetu kuna kiti chenye masikio mawili marefu pembeni ya kichwa, na Wazungu hukiita kiti cha mabawa. Nimevisha vingi. Mzee akasema, "Sharp," akanipa mkono, na Jumamosi akanipitia na bakkie, pikapu yake, nikiwa na mkoba wa sindano, chaki na futi ya kamba.

Tulikwenda kusini, tukapita vile vilima vya mchanga wa migodi, mpaka kiwanja kidogo cha ndege chenye nyasi nyingi kuliko lami. Akafungua banda. Ndani kulikuwa na mifupa. Sina neno jingine. Mbao nyembamba nyembamba zilizopindwa, mbavu moja baada ya nyingine, safu mbili, moja juu ya nyingine, zimekazwa kwa waya kama kitanda cha chuma kilichosimamishwa wima.

Nikamwuliza kochi liko wapi.

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akanieleza, polepole, kwa Kiingereza cha kumwelezea mtu ambaye hutaki aondoke. Alikuwa anatengeneza mfano wa ndege ya kwanza kabisa ya injini, ukubwa uleule, mbao na kitambaa, ikae kwenye ukumbi wa maonyesho. Haitaruka. Alinihakikishia hilo mara tatu, na mara zote tatu nilimshukuru.

Shuleni kidato cha nne nilipata fizikia kwa huruma ya msahihishaji, kwa hiyo mambo ya anga niliyasikia kwa mara ya kwanza mle bandani. Mzee aliniambia kwamba waliorusha ndege ya kwanza hawakuwa maprofesa. Walikuwa ndugu wawili mafundi baiskeli, hawakuoa, waliishi nyumbani kwa baba yao. Hapo nikaanza kuwapenda. Mmoja alikuwa dukani siku moja, ameshika boksi la mpira wa baiskeli, anazungumza na mteja na kulisokota bila kufikiri. Akaona boksi linajipinda upande huu likienda juu na upande ule likienda chini, na akajua hivyo ndivyo bawa linavyotakiwa kujipinda ili ndege isilale upande. Mapangaboi mawili ya kusukuma hewa waliyazungusha kwa mnyororo, ndugu yake huu wa baiskeli. Rubani alilala kifudifudi juu ya bawa la chini. Safari ya kwanza ilichukua sekunde kumi na mbili. Mimi mwenyewe huchukua zaidi ya hapo kunyanyuka kitini.

"Na kitambaa?" nilimwuliza.

"Pamba tupu. Haikupakwa kitu. Walishona wenyewe, kwa cherehani."

Alinionyesha picha. Nikaitambua. Ilikuwa marekani, ile pamba nyeupe isiyong'arishwa ambayo bibi zetu waliivaa kabla kanga hazijaja. Nikamwambia nitaipata Fordsburg.

Mwenye duka kule, Mwislamu wa asili ya Kihindi, ananijua kwa miaka. Nilipomwambia nataka majora manne ya marekani, aliacha kupima, akashusha miwani. "Inna lillahi," akasema. "Nani?"

"Hakuna aliyefariki, bhai. Natengeneza ndege."

Akapandisha miwani. "Ndege ya sanda," akasema, na akanikatia.

Nilishona wiki nyingi, Jumamosi na Jumapili. Kazi ilikuwa nzuri, niseme kweli, nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ndugu wale hawakukata kitambaa kwa kufuata uzi. Walikikata mshazari, kama tunavyokata utepe wa kuzungushia shingo ya kanzu ili usikunjamane. Mzee alikuwa amesoma vitabu vyote na hakuwa amejua kwa nini. Nikachukua kipande, nikamvutia kwa uzi, hakikwenda. Nikamvutia mshazari, kikanyumbuka na kurudi. "Bawa linapindwa," nikamwambia. "Kitambaa kikikatwa kwa uzi kitachanika au kitalegea. Mshazari kinapindika nalo." Akakaa juu ya ndoo. Akasema miaka arobaini anasoma na jibu lilikuwa Jeppestown. Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu ambaye hajalipa bado.

Kila ubavu niliushonea mfuko wake, mrefu kama soksi ya twiga, kisha tunausukuma ndani, mzee upande mmoja na mimi upande wa pili. Huku tukisukuma nilikuwa namwuliza maswali. Nani alianguka kwanza? Akanisimulia Mjerumani aliyekuwa akiteleza hewani kwa mabawa bila injini, akaanguka na kuvunjika mgongo, na ndugu wale walisoma habari zake ndipo wakaanza. Wakaanza kwa sababu hiyo! Mimi ningefunga duka la baiskeli. Nikamwuliza wa pili, wa tatu. Abiria wa kwanza kufa. Marubani waliochomoka vitini kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria mkanda. Nikawa mtaalamu wa walioanguka. Jioni nikirudi nyumbani namwaga yote mezani, na mke wangu anaendelea kuokota mawe kwenye mchele.

"Na baba yao," nikamwambia siku moja, "aliwakataza wasipande wote wawili pamoja. Mzee mwenye busara."

"Na mama yao alisemaje?"

Nilikuwa nimeuliza hilo pia. Mama yao alikufa kwa kifua kabla hawajaruka hata shubiri moja. Mzee alisema ufundi wa mikono walirithi kwake, sio kwa baba.

Mke wangu aliweka sinia chini. "Wako yupo," akasema. "Mpigie."

Mama alikuwa mgonjwa tangu mwezi uliopita. Moyo, walisema, na maji miguuni. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akimwuguza, na ndiye aliyenipigia siku za mwanzo bila haraka, kisha kila siku mbili.

"Anakuuliza," aliniambia.

"Mwambie nakuja. Nina bawa mkononi, siwezi kuliacha nusu."

"Una nini mkononi?"

"Bawa la ndege."

Dada akasema, "Basi si uje nalo."

Watu wa ukoo wetu wote wana ndimi hizo. Tumezipata kwa mama. Nilicheka, naye akacheka, na simu ikaisha, na mimi nikapata wiki nyingine.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Ilikuwa Jumatano, tunakula. Niliuweka hadharani, simu katikati ya meza. Sauti ya mama ilikuwa ndogo, na kati ya neno na neno unamsikia akitafuta pumzi kama anayetafuta funguo. Alinisalimia, akawasalimia wa nyumbani mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mwanangu, nimeota ndege mbaya. Sikufichi. Basi, wewe tazama." Ikakatika.

Binti yetu ana miaka kumi na saba, amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote na kukisema nusu. Akiwa na wenzake ni Kizulu na Kiingereza. Alinyanyua kichwa kwenye sahani. "Eish," akasema. "Gogo ameota plane imeanguka. Anasema usipande, baba."

Mke wangu alinitazama. Ametoka Pemba, amelelewa na bibi. Hakuna haja ya kumfundisha mtu kama huyo neno. Kwetu pwani, kabla vyuma havijaruka, ndege ilikuwa tayari ni ishara. Mtu akianza safari akamsikia ndege upande usiofaa anarudi nyumbani. Ndiyo ndege mbaya. Mtu akiota maji machafu au jino limeng'oka, anasema nimeota ndege mbaya, na wanaomsikia hawaulizi imeruka kutoka wapi. Mama aliota kifo chake. Alikuwa ananiambia niharakishe, kwa adabu yake, bila kuniamrisha.

Niliujua huo usemi kabla sijajua kusoma. Lakini nilimgeukia binti yangu, nikasema, "Umemsikia bibi yako."

Alipoondoka na sahani, mke wangu alisema kwa sauti ya chini, "Wewe hujui ndege mbaya ni nini?"

"Mtoto amesikia hivyo."

"Mtoto amezaliwa Johannesburg. Wewe umezaliwa na mama yako."

Nilikwenda kunawa mikono. Wakati ule nilijiambia kwamba labda mama kweli alimaanisha ndege ya kupanda. Nani ajuaye, wazee siku hizi nao wanaangalia televisheni. Mtu anayetafuta ruhusa huipata hata kwenye ugonjwa wa mama yake.

Alhamisi dada alipiga. Hakutania. "Daktari amesema tuwaite walio mbali. Unakuja lini?"

"Kesho naondoka. Nimeshakata tiketi."

"Alhamdulillahi," akasema. "Ngoja nimwambie."

Sikusema ni tiketi ya nini, na dada hakuuliza. Nani angeuliza, mama akiwa katika hali ile? Mke wangu alikuwa mlangoni anasikiliza. Akasema, "Mwambie ni basi."

"Nitamwambia nikiwa njiani."

"Ndege ya kesho saa nne, saa kumi uko kwa mama. Nitakwenda na wewe. Nitakushika mkono kama mtoto, sitamwambia mtu yeyote maisha yangu yote."

Alisema hivyo, mke wangu, ambaye hajawahi kuacha mzaha wowote upite. Na mimi niliangalia chini. Mzee wa bandani nilishamuaga. Bawa la mwisho lilikuwa limebaki mbavu tatu, na alinikumbatia akasema mama kwanza, kitambaa hakiozi. Kwa hiyo hata kisingizio hicho sikuwa nacho. Nilikuwa na woga mtupu, hauna hata shuka.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi Park Station. Nilichukua kiti cha dirishani. Kwenye mpaka wa kwanza laini yangu ya simu ilikufa, nami sikuhangaika kununua nyingine. Nilijiambia ni kubana matumizi. Zimbabwe ikapita, Zambia ikaanza, mashamba ya mahindi makavu, vibanda vya mkaa, vituo vya mizani ambako malori yanalala wiki nzima. Mama mmoja muuza vitenge, aliyekaa kiti cha pembeni yangu, aliniuliza naenda wapi. Nikasema kumwona mama, anaumwa. Akauliza anaumwa sana? Nikasema sana. Akanitazama, akatazama dirisha, akatazama mabegi juu ya vichwa vyetu. Akanipa chungwa.

Tunduma tulifika Jumapili baada ya adhuhuri. Nilinunua laini ya Tanzania kwa kijana wa mwavuli, na kabla sijampigia yeyote nikaandika namba ya dada mara mbili nikaifuta. Ya tatu nikapiga.

"Uko wapi?" akasema, hata kabla ya salamu.

"Dada, nipo njiani."

"Mama amefariki alfajiri. Tumeshamwosha, tumeshamkafini. Watu wamejaa uani, sheikh ananiuliza, nawaambia ngojeni, mdogo wangu yumo kwenye ndege. Ijumaa shemeji yako amekwenda uwanja wa ndege kukupokea. Jana amekwenda tena. Leo amekwenda asubuhi. Mkeo namwuliza, ananiambia umeondoka, basi, hasemi zaidi. Uko wapi?"

"Tunduma."

Nyuma yake watu walikuwa wanasoma.

"Tunduma kuna uwanja wa ndege?" akasema.

Ndimi za ukoo wetu. Hakukusudia kunichekesha, ila sentensi ilimtoka na umbo lile alilolizoea, kisha akaanza kulia, na mimi nikasimama katikati ya waendesha bodaboda na wabadilisha fedha na chungwa la yule mama mfukoni.

"Mzikeni," nikasema. "Msinisubiri."

"Tutamzika alasiri."

Walimzika alasiri. Basi letu lilikuwa bado linapekuliwa mizigo.

Nilifika Jumatatu mchana. Miguu ilikuwa imevimba na hapakuwa na wa kuisema. Watu walinipa mikono na pole, na kila mmoja alikuwa amekwishasikia, kwa sababu msiba hauna siri. Waliniuliza habari za safari kwa adabu kubwa mno. Shemeji yangu alinikalisha, akaniletea maji. Siku tatu alikuwa amesimama kwenye mlango wa wanaowasili, akiangalia kila mwanaume mnene anayetoka, na hakunilaumu hata kwa neno. Ningependa angenilaumu.

Kaburi nilionyeshwa. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nilisoma nilichoweza.

Nyumba yetu iko Kipawa, njiani mwa ndege zinazoshuka. Nimekulia chini yake. Mtoto wa pale husita katikati ya sentensi, husubiri mngurumo upite, kisha huendelea pale alipoishia, na hajui kwamba wengine hawafanyi hivyo. Siku ya hitma nilikaa chumbani kwa mama, kwenye mkeka, kitanda chake kimekunjwa godoro. Dada akaingia na kikombe cha chai, akaketi. Ndege ikapita, chini sana, vikombe vikatetemeka kabatini. Wote wawili tukanyamaza kama tulivyofundishwa na nyumba.

Ilipopita, dada alisema, "Tangu Ijumaa ile alikuwa anauliza. Kila inayopita. Ananishika hapa," akagusa kiwiko chake, "anasema, ndiyo hiyo?"

"Ukamwambiaje?"

"Mwanzo nikamwambia labda. Halafu shemeji yako akirudi peke yake, nikawa namwambia hiyo sio, inayofuata."

"Akasemaje?"

"Anasema haya. Anasubiri inayofuata." Dada alichukua kikombe changu, ambacho sikuwa nimekigusa, akakinywa yeye. "Siku ya Jumamosi ndege zilipita nyingi. Usiku zikapungua. Mara ya mwisho hakuniuliza, nikadhani amelala."